Mlinzi Anapoijeruhi Nyumba: Chembe Nyeupe za Damu na Madhara ya Ghafla ya Mapafu

Ukisafiri kwa barabara kutoka mjini Tanga kuelekea Muheza na Segera, huendi mwendo mrefu kabla ya kufika Pongwe. Ardhi ya hapa ni ya mawe ya chokaa, jamii ile ile ya mawe ambayo maji yameyachonga kwa maelfu ya miaka na kufanya mapango ya Amboni. Ni kwa ajili ya mawe hayo kiwanda cha saruji kilianzishwa Pongwe mwaka 1980. Mbele kidogo, ukielekea Ngomeni na Muheza, unaingia katika nchi ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Marekani, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai katika pwani ya Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ambayo, katika miaka ya 1960, yaliifanya nchi yetu iongoze dunia kwa kutoa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Saruji na katani ni mali ya taifa. Lakini kazi zote mbili zina jambo moja linalofanana, nalo ni vumbi. Vumbi likiingia kifuani mwa mtu, mwili haukai kimya. Huwaita walinzi wake. Katika makala haya tutaeleza walinzi hao ni nani, huitwaje, hupiganaje, na kwa nini wakati mwingine wao wenyewe ndio huijeruhi nyumba waliyotumwa kuilinda. Tutaanza na vumbi la katani, kisha tutapanda ngazi hadi kwenye ugonjwa wa hatari ambao madaktari hukutana nao katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Msomaji ataona kwamba mwanzo na mwisho wa ngazi hiyo vimefungamana kwa kanuni moja.

Ukuta mwembamba kuliko karatasi

Mapafu ya mtu mzima yana viribahewa, yaani vifuko vidogo sana vya hewa, vipatavyo milioni 300 hadi 500. Kama vyote vingekunjuliwa na kutandazwa chini, vingefunika eneo la meta za mraba 70 au zaidi. Hiyo ni sakafu ya darasa lenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 7. Eneo lote hilo limekunjwa ndani ya kifua kimoja.

Kila kiribahewa kimezungukwa na wavu wa kapilari, yaani mishipa ya damu iliyo membamba kupita yote. Kati ya hewa iliyomo katika kiriba na damu iliyomo katika kapilari kuna ukuta ambao, mahali pengi, unene wake haufiki maikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya daftari lako ni nene kuliko ukuta huo karibu mara 100. Wembamba huo una sababu: oksijeni sharti ipenye upesi kuingia katika damu, na kabonidayoksaidi itoke upesi.

Hata hivyo ukuta huo una kazi ya pili ambayo aghalabu husahauliwa. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na ni lazima maji hayo yabaki upande wake. Ukuta ukitoboka, maji ya damu pamoja na protini zake hupenya na kuingia katika viriba. Kiriba kilichojaa maji hakiwezi kupokea hewa, na mgonjwa huweza kukosa oksijeni ilhali amezungukwa na hewa tele.

Walinzi wa aina mbili

Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mwenye afya kuna chembe nyekundu zipatazo milioni 5, na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Vitabu vya siku hizi huziita pia seli nyeupe. Ingawa ni chache zikilinganishwa na nyekundu, ndizo jeshi la ulinzi.

Aliyefumbua siri ya kazi yao ni mwanasayansi Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma miiba midogo katika miili ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Viumbe hao wana miili inayopenya mwanga, hivyo aliweza kutazama kwa hadubini yanayotokea ndani yao wakiwa hai. Asubuhi yake alikuta chembe zinazotembea zimekusanyika na kuuzunguka mwiba. Akatambua kwamba mwili una chembe zenye kazi ya kumkabili na kummeza mvamizi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, ambaye alikuwa ameonyesha njia ya kuzitofautisha chembe nyeupe kwa kuzitia rangi.

Kwa habari ya mapafu, tunahitaji kuzijua chembe za aina mbili.

Ya kwanza ni makrofaji. Hii ni mlinzi wa zamu akaaye ndani ya kiriba chenyewe. Hutambaa juu ya ukuta, humeza chembe za vumbi na bakteria wachache, na kwa kawaida humaliza kazi bila kelele yoyote. Kila siku tunavuta vumbi na vijidudu, na wala hatuugui, kwa sababu makrofaji zimefagia.

Ya pili ni nyutrofili. Hii si mlinzi wa nyumbani, bali ni askari wa akiba azungukaye katika damu. Uboho wa mifupa hutengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na maisha ya kila moja ni mafupi. Usaha unaouona katika jipu ni, kwa sehemu kubwa, mizoga ya nyutrofili zilizokufa kazini.

Silaha za nyutrofili ni kali. Kwanza, humeza bakteria. Pili, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha protini, kimojawapo kikiwa elastasi. Tatu, hutengeneza kemikali za oksijeni zenye ukali, ikiwa ni pamoja na asidi ya jamii moja na dawa inayotumika kung'arisha nguo nyeupe. Nne, kama ilivyogunduliwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2004, nyutrofili huweza kuzitupa nje nyuzi za DNA yake yenyewe zilizopakwa vimeng'enya, zikawanasa bakteria kama jarife linavyonasa papa.

Sasa tuangalie jambo linaloyafanya mapafu yawe mahali pa hatari. Kapilari za mapafu ni nyembamba kiasi kwamba nyutrofili nyingi haziwezi kupita bila kujibana na kujirefusha. Kwa hiyo hupita polepole, na wakati wowote kuna nyutrofili nyingi zilizosongamana katika mishipa ya mapafu, zikiwa umbali usiofika maikromita moja kutoka kwenye hewa. Kwa ulinzi jambo hilo ni jema, maana askari wako karibu. Kwa usalama wa ukuta ni tishio, maana silaha zote zimewekwa mlangoni.

Mwito wa vita

Nyutrofili haziingii katika kiriba bila kuitwa. Mwito mmoja wenye nguvu sana hutokana na kitu kiitwacho endotoksini. Jina hilo lilitolewa mwaka 1892 na Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi pamoja na Robert Koch mjini Berlin. Pfeiffer aliona kwamba bakteria wa kipindupindu, hata baada ya kuuawa, bado walikuwa na sumu iliyoweza kuwadhuru wanyama. Leo tunajua kwamba endotoksini ni sehemu ya ukuta wa nje wa bakteria wa kundi moja kubwa, na kwamba haiharibiwi kwa kuchemshwa kama chakula kinavyochemshwa. Bakteria hufa, sumu hubaki.

Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake nchini Marekani walionyesha kipokezi ambacho kwacho chembe za mwili huitambua sumu hiyo, na mwaka 2011 Beutler alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wa jinsi hii. Mfululizo wa matukio ni kama ufuatao:

1. Endotoksini inagusa kipokezi cha makrofaji ndani ya kiriba.
2. Makrofaji inatoa kemikali za mwito, ambazo huenea hadi kwenye kapilari.
3. Kuta za kapilari zinakuwa kama zimepakwa ulimbo, na nyutrofili zilizokuwa zikipita zinanata.
4. Nyutrofili zinajipenyeza kati ya chembe za ukuta na kuingia katika njia za hewa na viriba.
5. Huko zinatumia silaha zake, nazo pia zinatoa mwito wa kuwaleta wenzao.

Hali hii kwa jumla huitwa mchochoto. Kama bakteria ni wachache, vita huisha, nyutrofili hufa kwa utaratibu, makrofaji humeza mabaki yao, na ukuta hupona. Mwisho huo mwema ndio wa kawaida.

Chumba cha brashi

Turudi sasa katika mkonge. Jani likikatwa hupelekwa katika mashine ya kusaga na kutenga nyuzi, ambayo katika mashamba yetu imeitwa korona tangu zamani, miaka mingi kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Nyuzi mbichi huoshwa kwa maji na kuanikwa juani. Zikikauka hupelekwa katika chumba cha brashi, ambamo mashine huzipiga ili kuondoa takataka na nyuzi fupi, kisha hufungwa marobota. Kazi ya brashi ndiyo hutoa vumbi jingi la nyuzi kavu. Vumbi hilo si la mmea peke yake. Utomvu wa majani na maji ya korona ni chakula cha bakteria, na nyuzi zinapokauka, bakteria hao, wazima na wafu, hukaukia juu yake. Anayevuta vumbi la katani huvuta na endotoksini.

Mwaka 1978 K. Y. Mustafa na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wafanyakazi wa viwanda vya katani vya Tanzania. Walitafuta dalili za bisinosisi, ugonjwa wa kubanwa kifua uliokuwa umejulikana zaidi katika viwanda vya pamba. Waligundua kwamba karibu nusu ya waliofanya kazi ya brashi walikuwa na dalili hizo, ilhali miongoni mwa wasokotaji waliokuwa nazo walikuwa wachache sana. Katika miaka ya 2000, A. V. Kayumba akishirikiana na watafiti wa Tanzania na Norway alipima vumbi, bakteria na endotoksini katika viwanda vya kusindika katani nchini, na kuonyesha kwamba wafanyakazi bado walikuwa wakivuta vitu hivyo na kupata dalili za kifua.

Bisinosisi ina tabia ya ajabu: kifua hubana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, yaani Jumatatu, kisha hali hupungua kadiri juma linavyoendelea. Mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba mfanyakazi huyo ni mvivu wa Jumatatu. Sivyo. Mwili unaoitwa kila siku kwa mwito ule ule huuzoea na kuuitikia kwa unyonge. Ukipumzika siku mbili, mazoea hupotea, na siku ya tatu huuitikia kwa nguvu mpya. Hayo ndiyo maelezo yanayolingana vizuri na tabia ya endotoksini.

Je, ni vumbi lenyewe linalodhuru, au ni sumu iliyomo? Swali hili lilijibiwa kwa jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 1987. Watu waliojitolea walivutishwa vumbi la pamba za aina mbalimbali, kisha kikapimwa kiasi cha hewa ambacho kila mmoja aliweza kukipuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza. Upungufu wa pumzi ulilingana na kiasi cha endotoksini, wala haukulingana vema na uzito wa vumbi. Kwa hiyo chumba kinachoonekana safi kwa macho chaweza kudhuru kuliko kile chenye wingu la vumbi, ikiwa nyuzi zake zilioza kabla ya kukauka.

Vumbi la saruji na la mawe ni la namna nyingine. Halina bakteria wengi, lakini lina ukali wa chokaa na pengine punje za mchanga ambazo makrofaji humeza na kushindwa kuziyeyusha. Mwito wake huwa wa polepole, na madhara yake huhesabiwa kwa miaka badala ya saa.

Ni muhimu msomaji asichanganye mambo. Katika bisinosisi, wanaoumia zaidi ni mirija ya hewa, ambayo huvimba na kubana. Ukuta wa viriba kwa kawaida haupasuki, na mgonjwa hurudi nyumbani akitembea. Lakini hatari ya kupuuza hali hiyo miaka mingi ni kwamba ubanaji wa muda huweza kugeuka upungufu wa pumzi wa kudumu.

Mapafu yanapojaa maji

Tupande sasa hadi juu ya ngazi. Mwaka 1967 madaktari wa Denver nchini Marekani, David Ashbaugh na wenzake, walieleza habari za wagonjwa 12 ambao magonjwa yao ya mwanzo yalikuwa tofauti: wengine ajali, wengine nimonia. Hata hivyo wote waliingia katika hali moja. Pumzi zilikwenda mbio, oksijeni ilishuka hata walipopewa ya mitungi, mapafu yakawa magumu, na picha za eksirei zikaonyesha weupe pande zote mbili za kifua. Hali hiyo ndiyo dhara kali la ghafla la mapafu.

Njia za kufikia hapo ni nyingi: nimonia, bakteria walioenea katika damu, moshi na gesi za sumu, kunusurika kuzama majini, ajali kubwa. Katika ukanda wetu hatuna budi kuitaja malaria kali. Kwa watu wazima, mapafu huweza kujaa maji hata baada ya dawa kuanza kuwaua vimelea, kwa sababu mchochoto ulioanzishwa nao bado unaendelea. Kwa watoto, pumzi za haraka katika malaria aghalabu hutokana na asidi iliyozidi katika damu, jambo ambalo ni tofauti.

Mfululizo ni ule ule tuliouona. Makrofaji huita, nyutrofili hunata, hupenya, hufyatua silaha. Tofauti ni kwamba safari hii mwito hautoki katika pembe moja, bali hutoka kila mahali, nao haukomi. Elastasi haitambui ukuta wa bakteria na ukuta wa kiriba, huyeyusha yote. Kemikali za oksijeni huchoma chembe za mwenye nyumba pamoja na za mvamizi. Ukuta hutoboka, maji yenye protini huingia, na ule utelezi maalumu unaozuia viriba visigandamane huharibika. Madaktari wakiyasafisha mapafu ya mgonjwa wa namna hii kwa maji ya chumvi kidogo na kuyatazama maji hayo kwa hadubini, huona nyutrofili tele mahali ambapo kwa mtu mzima wa afya kuna makrofaji karibu peke yake.

Je, tuwaondoe askari?

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa nyutrofili ndizo zinazotoboa ukuta, kwa nini madaktari wasiziondoe? Swali ni zuri, na sayansi imelijibu kwa njia tatu.

Kwanza, wagonjwa ambao nyutrofili zao zimepungua mno, kwa mfano kwa sababu ya dawa za saratani, wameonekana nao wakipata dhara hili. Kwa hiyo nyutrofili si mkosaji pekee. Tena, mtu asiye na nyutrofili huuawa na bakteria ambao wengine hawawahisi hata kidogo.

Pili, ilijaribiwa kunyang'anya silaha moja tu. Dawa ya kuzuia elastasi ilipimwa katika jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2004, na haikuokoa maisha. Silaha ni nyingi. Kuondoa moja hakumalizi vita.

Tatu, na hili ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi, ni habari ya dawa ya deksamethasoni wakati wa UVIKO-19. Dawa hii hupunguza mchochoto wote kwa jumla. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 2020 wagonjwa zaidi ya 6,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Miongoni mwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, waliokufa katika siku 28 walikuwa asilimia 29.3 ya waliopewa dawa, na asilimia 41.4 ya wasiopewa. Hayo ni mafanikio makubwa kwa dawa ya bei nafuu. Lakini miongoni mwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hakukuwa na faida yoyote, na huenda wengine walidhurika. Dawa ni ile ile, ugonjwa ni ule ule. Kilichotofautiana ni hatua ya vita. Mwanzoni askari wanahitajika, na kuwafunga mikono ni kumsaidia adui. Baadaye, vita vinapokuwa vimegeuka kuiunguza nyumba, kuwatuliza ndiko kuokoa.

Kwa sababu hiyo ni kosa la hatari kununua dawa za jamii ya deksamethasoni dukani na kuzimeza kwa kila kikohozi. Katika nchi yenye kifua kikuu, kumlegeza mlinzi bila kujua nani yuko mlangoni ni kumfungulia mwizi.

Kuutambua ugonjwa kwa vyombo tulivyonavyo

Kwa miaka mingi ilionekana kana kwamba dhara hili ni ugonjwa wa nchi tajiri. Kanuni ya kuutambua iliyowekwa mwaka 2012 ilidai mgonjwa awe katika mashine ya kupumulia, apimwe gesi katika damu ya ateri, na apigwe picha ya kifua. Hospitali isiyo na vyombo hivyo haikuweza kuuhesabu ugonjwa, na usiohesabiwa huonekana kana kwamba haupo.

Watafiti waliofanya kazi mjini Kigali, Rwanda, walibadilisha kanuni hiyo. Walitumia kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutazama mapafu. Katika matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2016, kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na dhara hili, na nusu yao walifariki. Baadaye kanuni mpya ya kimataifa, iliyochapishwa mwaka 2024, ilikubali vipimo vya namna hiyo. Hapa Afrika ya Mashariki haikuwa mwanafunzi tu, ilikuwa mwalimu.

Kuzima mwito

Fundisho moja linaunganisha chumba cha brashi na chumba cha wagonjwa mahututi: askari ni wale wale, na kinachopaswa kudhibitiwa kwanza ni mwito unaowaita.

Kazini, maana yake ni kupunguza vumbi na bakteria kabla havijafika puani. Nyuzi zioshwe kwa maji safi na kukaushwa upesi, zisilundikwe zikiwa mbichi. Mashine za brashi ziwe na vifuniko na vifyonza vumbi. Sakafu isifagiwe kavu. Barakoa inayokaa vizuri usoni ni kinga ya mwisho, si ya kwanza, na kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii chembe ndogo. Pumzi za mfanyakazi zipimwe Jumatatu kabla ya kazi na baada ya kazi. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili husema mengi kuliko kipimo kimoja cha mwaka.

Kwa mgonjwa, maana yake ni kumtibu nimonia au malaria mapema, kabla moto haujaenea. Jaribio la artesuneti kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, lililohusisha pia hospitali za Muheza na Korogwe na kuchapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na asilimia 10.9 kwa kwinini. Kuondoa chanzo upesi zaidi huokoa. Na ukuta ukishatoboka, kazi kubwa ya daktari ni kununua muda: oksijeni, maji ya mishipa kwa kipimo, kumlaza mgonjwa kifudifudi, na mashine kupuliza hewa kidogo kidogo. Jaribio la Marekani la mwaka 2000 lilionyesha kwamba kupuliza hewa kidogo badala ya nyingi kulipunguza vifo kutoka asilimia 39.8 hadi 31.0, kwa sababu mapafu yaliyotanuliwa kwa nguvu huita nyutrofili zaidi.

Mtu yeyote anayepumua kwa haraka isiyo ya kawaida, ambaye midomo yake inageuka rangi, au ambaye ngozi kati ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali bila kungoja.

Jaribio la darasani

Vifaa: kadi nyeupe 4, mafuta mazito ya kujipaka, hadubini au kioo cha kukuzia.

Pakeni kila kadi mafuta kidogo. Wekeni moja darasani, moja jikoni, moja kando ya barabara, na moja chini ya mti mbali na njia. Baada ya saa 24 zikusanyeni. Hesabuni chembe za vumbi katika eneo la sentimita moja ya mraba ya kila kadi, kisha choreni grafu ya miraba.

Maswali ya kujadiliana

1. Kadi yenye vumbi jingi zaidi ilikuwa wapi? Je, hesabu yenu inatosha kusema kwamba hapo ndipo penye hatari zaidi kwa mapafu? Tumieni matokeo ya jaribio la mwaka 1987 kueleza jibu lenu.
2. Kwa nini kuwapima wafanyakazi siku ya Alhamisi peke yake kungeweza kumpotosha mtafiti wa bisinosisi?
3. Elezeni kwa nini dawa moja inaweza kumsaidia mgonjwa katika hatua moja ya ugonjwa na isimsaidie katika hatua nyingine.